Sailensi ya chini na kemishafti iliyoliwa: kisa cha pikipiki ya Mwaloni

Pikipiki yenyewe ni ya cc 150, ya kabureta, inapozwa na upepo tu, na imefanya bodaboda miaka kama mitatu, zaidi kati ya Kirumba, Mabatini na Igoma. Ililetwa kwetu mafundi na watu wawili waliokuwa hawaangaliani vizuri: mama mwenye chombo, na kijana anayempelekea hesabu. Mama alikuwa na hakika kijana ameimaliza injini kwa kuikimbiza. Kijana alikuwa na hakika zaidi kwamba wameuziwa oili feki. Fundi wa kijiweni kwao alikwisha kubadilisha cheni ya taiming, ile ya ndani ya injini inayozungusha kemishafti, akalipwa, na mlio ukarudi kabla ya cheni mpya kupata hata muda wa kulegea.

Hakuna hata mmoja wao aliyetaja sailensi, yaani mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama na mkono wa mafuta umeachiwa. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki. Hapa Mwanza watu wanajua kuhusu oili, na hata wasiobadilisha wanajua kwamba walipaswa kubadilisha. Skrubu ya sailensi inachukuliwa kama ya starehe tu, ya kuchagua mlio unaoupenda.

"Fundi, we isikilize kwanza," kijana alisema, akapiga kiki. Ilipopata moto mlio ukatoka juu, kwenye hedi: ka-ka-ka mkavu, wa haraka. Ukishika mafuta kidogo unafifia, ukiachia unarudi. Kufifia huko ndiko kulikompoteza fundi wa kwanza, maana cheni iliyolegea nayo hutulia ukipandisha mzunguko. Simlaumu. Ila mlio wa cheni hukaa zaidi ubavuni, upande cheni inakopita, na huu ulikuwa juu kabisa kwenye vifuniko vya tapeti, zaidi upande wa egzosi.

Kabla ya kushika spana tulipima vitu viwili visivyohitaji kufungua chochote. Oili kwanza: kijiti kililowa ncha tu, kwenye alama ya chini au chini yake kidogo. Ilikuwa nyeusi, lakini hainuki petroli. Kisha sailensi. Tuna takometa ndogo, kipima mzunguko wa injini, ambayo waya wake unazungushiwa waya wa plagi. Injini ikiwa ya moto ilisoma mizunguko 800 kwa dakika, ikiyumba juu na chini ya hapo. Kitabu cha pikipiki ile kinataka 1,400, ikizidi au kupungua 100. Pikipiki nyingi ndogo za aina hii zimewekewa kiwango kati ya 1,200 na 1,500, na kila moja ina namba yake kitabuni. Kwa hiyo 800 haikuwa tofauti ya kupuuza, ni zaidi kidogo ya nusu ya kinachotakiwa.

Nani aliishusha? Kijana mwenyewe, kwa bisibisi yake, na hakuficha. "Ikiwa juu inakunywa," alisema. Kazi yake kubwa ni ya alfajiri, kubeba dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba. Anayepajua pale saa kumi na moja anajua hali: magunia, mikokoteni, magari yanarudi nyuma, kila mtu anataka kutoka kwanza. Unakaa na mzigo umeshafungwa, injini inaunguruma, unasubiri upenyo. Wenzake wakamwambia, "Ngosha, teremsha hiyo sailensi, utamaliza mafuta ukiwa umesimama." Akateremsha. Ikawa inatoa ule mlio wa kudunda taratibu ambao vijana wengi wanaupenda, na ambao mimi pia, nikiwa mkweli, napenda kuusikia kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

Swali lililofungua kisa lilikuwa jepesi: kwa nini usizime? Kijana akaonyesha betri. Stata haikuwa inashika tena, kwa hiyo akizima analazimika kupiga kiki akiwa na gunia mbili nyuma, pikipiki imeelemea upande. Bora iungurume. Na betri ilikufa kwa nini? Alfajiri taa iko wazi muda wote. Magneti ya pikipiki ndogo, inayozalisha umeme wake, inachaji kidogo sana kwenye mzunguko wa chini, na kwenye 800, taa ikiwaka, betri inatoa kuliko inavyopokea. Kwa hiyo mambo yalikuwa yanavutana hivi: aliteremsha sailensi ili abane mafuta, betri ikadhoofu, akashindwa kuzima injini, ikawa inaunguruma muda mrefu zaidi kwenye mzunguko uleule wa chini. Mafuta aliyodhani anayabana alikuwa anayachoma kwa kutozima. Hilo peke yake lingetosha kurudisha skrubu mahali pake, hata kama injini isingedhurika.

Lakini ilidhurika. Ili kuelewa kilichotokea, lazima ujue oili inafikaje kwenye hedi.

Pampu ya oili haina mota yake. Inazungushwa na krenki, mhimili mkuu wa injini, kwa gia, na kila mzunguko inasukuma kipimo kilekile. Krenki ikipunguza mwendo, pampu nayo inapunguza. Ukitoka 1,400 kwenda 800, pampu inasukuma kama asilimia 57 ya ilichokuwa inasukuma. Hesabu hiyo ni ya pampu mpya. Pampu na njia zilizotumika miaka mitatu zina mianya, na sehemu ya oili inavuja humo kabla ya kufika juu. Kwa hiyo hasara inaonekana zaidi mwisho wa njia. Wanaokaa juu kwenye mawe ya Mabatini au Igogo hawahitaji kufafanuliwa: presha ya maji ikishuka, bomba la bondeni bado linatoa, la juu linakauka. Kwenye injini hii, la juu ni kemishafti, mhimili wenye pembe unaofungua valvu, na roka zake, vile vikono vinavyosukumwa na pembe hizo. Ongeza kwamba oili ya moto ni nyepesi na inavuja kirahisi zaidi, na kwamba pikipiki iliyosimama haina upepo wa kuipoza. Pikipiki nyingi ndogo hazina hata taa ya kuonya kuhusu presha ya oili. Inayokuonya ni ile ka-ka-ka, na ukiisikia umeshachelewa.

Kuna la pili, ambalo hata mafundi wazuri wanalipita. Mtu hudhani mzunguko mdogo ni mzigo mdogo. Kwa beringi za krenki ni kweli kiasi fulani, na kwenye injini hizi krenki inakaa kwenye beringi za gololi zisizodai oili nyingi. Kwa kemishafti ni kinyume. Pembe ya kemishafti inasukuma roka dhidi ya springi ya valvu. Injini ikizunguka kwa kasi, uzito wa valvu na roka zikiwa kwenye mwendo unapokea sehemu ya nguvu ya springi pale kwenye ncha ya pembe. Ikizunguka polepole, springi inakandamiza kwa nguvu yake yote. Tena utando wa oili kati ya vyuma viwili vinavyosuguana unatengenezwa na mwendo wenyewe, na mwendo ukipungua utando unakuwa mwembamba. Kemishafti inazunguka nusu ya krenki: kwenye 1,400 ni 700, kwenye 800 ni 400. Kwa hiyo kwenye sailensi ya chini ncha ya pembe inapata mgandamizo mkubwa zaidi, utando mwembamba zaidi, na oili kidogo zaidi, vyote kwa wakati mmoja.

Sikutaka kuamini nadharia tu, na kijana hakutaka kuamini kabisa. Tukafungua kifuniko cha tapeti cha egzosi, injini ikiwa ya moto, tukaiwasha. Kwenye 800 roka ilikuwa imelowa, inang'aa, lakini oili haitembei. Tukapandisha skrubu hadi 1,400, ikaanza kurusha matone hadi kwenye fulana ya kijana. Tukazima, tukaongeza oili hadi alama ya juu, tukarudia. Kwenye 800, karibu hakuna tofauti. Kwenye 1,400, inarusha kama mwanzo. Mama aliyekuwa amesimama pembeni akiwa amekunja mikono ndiye aliyeuliza la maana: "Kwa hiyo oili kupungua hakukuwa na shida?"

Kulikuwa na shida, ila si hiyo. Mradi mdomo wa kufyonza umezama, pampu inavuta kilekile, oili iwe nyingi au kidogo. Oili iliyopungua inapata moto haraka, inachafuka haraka, na ukipanda mlima inakimbilia upande mmoja, pampu inaweza kumeza hewa. Kijana huyu anapanda kwenda Bugando na Isamilo na abiria wawili, jambo ambalo sheria hairuhusu na kijiwe kizima kinafanya. Kwa hiyo kosa la oili lipo na ni lake, kwani kuangalia kijiti ni kazi ya dereva kila asubuhi. Lakini jaribio lile lilionyesha kwamba kilichokuwa kinainyima roka oili pale Mwaloni, mahali tambarare, kilikuwa mzunguko.

Ndipo tukafungua hedi. Pembe ya egzosi kwenye kemishafti ilikuwa imechimbika, ncha ina vishimo na ngozi ya juu imeanza kubanduka. Uso wa roka yake ulikuwa na bonde unalolisikia kwa kucha. Pembe ya upande wa kuingiza hewa ilikuwa na mikwaruzo tu. Nafasi ya tapeti ya egzosi, yaani mwanya kati ya roka na valvu, inayotakiwa iwe milimita 0.10, ilikuwa imepanuka kiasi kwamba fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.20 inaingia bila kubembelezwa. Tukaangalia chini. Konrodi haina mchezo. Silinda ina mikwaruzo ya kawaida ya umri wake, ringi zinashika. Wavu wa oili ulikuwa na nyuzi za klachi na unga wa chuma, umeziba kiasi, haujaziba kabisa.

Hapa ndipo madai ya oili feki yalipopungua uzito. Sina mashine ya kupima oili, na chupa ilishatupwa, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini oili mbovu mara nyingi haiishii mahali pamoja. Ingekuwa haifai, ningetarajia dalili pia kwenye silinda, kwenye gia, kwenye konrodi. Hapa ugonjwa ulikuwa mahali pamoja, mwisho wa njia ya oili, na kwenye pembe moja kuliko nyingine, ile ya upande wa egzosi wenye moto mkali. Madai ya mama yaliporomoka kwa sababu hiyohiyo. Pikipiki iliyouawa kwa kukimbizwa huonyesha pistoni na silinda kwanza. Mwendo wa kasi, kwa kemishafti, ulikuwa ndio wakati wake wa kunywa.

Cheni ya taiming niliitazama kwa huruma. Kwenye sailensi ya chini sana injini ya silinda moja haizunguki sawasawa: inaruka inapowaka, inalala hadi iwake tena. Kila kuruka kunaipiga cheni. Alama za kupiga zilikuwepo kwenye mwongozo wake. Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuta cheni imechoka kweli, akabadilisha kitu kilichochoka, akaacha kilichokichosha.

Niseme kidogo kuhusu ushauri wenyewe wa kuteremsha sailensi, maana haukuzaliwa Mwaloni. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki waliyoibuni wakijua kwamba katika nchi nyingi itakakouzwa watu hawabadilishi oili kwa wakati. Wakaitoa kemishafti kwenye hedi, wakaiweka chini karibu na krenki, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa kwa pushirodi, yaani fito ndefu zinazopanda hadi kwenye roka. Hakuna cheni ya taiming, na kemishafti iko kwenye mvua ya oili muda wote. Muundo huo ukaigwa sana na viwanda vya China, na pikipiki za nasaba hiyo zimejaa kanda hii hadi leo. Nadhani wengi wa wanaofundisha vijana kuteremsha sailensi walijifunzia kwenye injini hizo, ambazo zinavumilia. Injini ya kisa hiki ina kemishafti juu. Ushauri ulihama kutoka injini moja kwenda nyingine bila mtu kuuliza kemishafti inakaa wapi. Na hata hizo za pushirodi roka zake ziko juu, kwa hiyo uvumilivu una mpaka.

Tulibadilisha kemishafti, roka zote mbili na gasketi, tukasafisha wavu, tukaweka oili mpya ya 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwa sababu klachi inaogelea humohumo. Tapeti zikarekebishwa injini ikiwa ya baridi. Hapo tu ndipo tulipogusa sailensi, na nasisitiza mpangilio huo. Skrubu ya sailensi inaguswa mwisho. Ukiitumia kufunika tapeti zilizobana, plagi iliyochoka au raba ya kabureta iliyopasuka, utapata namba sahihi kwenye injini isiyo sahihi.

Kijana akaiendesha hadi Nyegezi na kurudi ili ipate moto wa kazi. Sailensi inayowekwa kwenye injini ya baridi itapanda ikipata moto, na ndipo watu huishusha mno. Tukahakikisha choki haitumiki na waya wa mafuta una mlegeo wa milimita chache kwenye mkono. Tukageuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mzunguko ukibadilika hapo, waya unavutwa, na skrubu haina kosa. Kisha skrubu kubwa yenye springi, inayonyanyua slaidi ya kabureta, tukaipeleka hadi 1,400. Baada yake skrubu ndogo ya mchanganyiko, robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukitafuta mahali injini inapozunguka juu zaidi na kwa utulivu, halafu tukarudi kwenye skrubu kubwa kushusha kilichozidi.

Kwenye hiyo skrubu ndogo watu hupotea. Ikiwa iko upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na ukiikaza petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli, na ukiikaza petroli inapungua. Usichukue hesabu ya mizunguko kutoka kwa rafiki wa Dar es Salaam. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na mpangilio uliokuwa sawa Kariakoo hapa unaelekea kuzidisha petroli.

"Basi fundi, tuiweke kabisa elfu mbili, oili ipande vizuri?" kijana aliuliza. Ni swali la haki, na jibu ni hapana. Kwenye 1,400 roka inapata inachohitaji. Ukizidisha, unaongeza moto kwenye injini iliyosimama bila upepo, oili inakuwa nyepesi zaidi, klachi inakokota, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Petroli nayo itakunywewa kweli.

Asiye na takometa ana masikio. Injini hii inawaka mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye 1,400 ni karibu mara 12 kwa sekunde, ni vigumu kwa sikio kuzihesabu, unasikia kama muungurumo mmoja. Kwenye 800 ni chini ya mara saba, na unaanza kusikia kila mpigo peke yake. Ukiweza kufuata mipigo kwa kidole juu ya tangi, imeshuka mno. Takometa ni bora, lakini kidole nacho hakidanganyi sana.

Betri ilipachikwa mpya, na sasa Mwaloni anazima. Kilichobaki kilikuwa fedha, na hapo sikuwa na takometa. Makubaliano yao ya mwanzo, kama ya wengi hapa, yalisema madogo ni ya dereva na makubwa ni ya mwenye chombo, bila kusema kubwa lililosababishwa na dogo ni la nani. Niliwaambia maoni yangu: kijana aligusa skrubu na hakuangalia kijiti, lakini mama hakuwahi kuuliza oili imebadilishwa lini wala kutoa fedha ya oili nje ya hesabu. Wakagawana, kemishafti na roka kwa mama, betri, gasketi na oili kwa kijana, akikatwa kidogokidogo kwa wiki. Kwenye skrubu ya sailensi tulipaka tone la rangi nyekundu kuvuka hadi kwenye mwili wa kabureta. Rangi ikikutwa imepasuka bila fundi kuhusika, hedi inayofuata atailipa kijana yote, na hilo alilikubali mbele ya mama, ingawa alisema rangi ingekuwa nzuri zaidi ya bluu.